Duka la Ganado na Bei ya Kazi ya Mikono

Mimi nauza mikeka. Siku za soko hapa Phoenix, Arizona, natandaza mezani mikeka ya ukindu, vikapu, makawa na vipepeo vilivyosukwa na kina mama wa Mkinga, mkoani Tanga, nilikozaliwa na kukulia. Wanunuzi wangu wengi ni Wamarekani. Wengine ni Wasomali na Wakongo wanaotaka mkeka wa kuswalia au wa kuketi nje jioni. Kuna swali moja la kazi hii linalonikosesha usingizi: mtu akikaa wiki kadhaa anasuka mkeka mmoja, bei yake iwe ngapi, na nani mwenye haki ya kuitaja? Mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kinavajo, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, anayefanya kazi hapa mjini, aliniambia kwamba kama nataka kuliona swali hilo kwa macho yangu, niende Ganado, kijiji cha Wanavajo, kwenye duka la zamani la Hubbell linalouza mazulia yao.

Nilikwenda na binti yangu wakati wa likizo ya kiangazi. Kutoka Phoenix unapanda kaskazini hadi Flagstaff, unashika barabara kuu ya mashariki, na ukifika Chambers unakunja kushoto kuingia nchi ya Wanavajo, au Diné, kama wanavyojiita wenyewe. Nchi hiyo imetapakaa katika majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, na ina kilomita za mraba zipatazo 70,000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifikii ukubwa huo. Wana rais wao, bunge lao na mahakama zao, na makao makuu yao yako Window Rock. Hata saa yao ni nyingine: Arizona haibadilishi saa kiangazi, wao wanabadilisha, kwa hiyo ukivuka mpaka unasogeza mshale mbele. Binti yangu alilifurahia hilo kuliko mengine yote ya njiani, na kila tuliposimama alikuwa akiuliza, "Mama, hapa ni saa ya nani?"

Huwezi kulielewa duka lile bila kuanza na msiba uliolitangulia. Mwaka 1863 na 1864, jeshi la Marekani likiongozwa na Kit Carson lilichoma mahindi ya Wanavajo, likakata mipichi yao, likaua kondoo wao, mpaka njaa ikawatoa mafichoni. Maelfu walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo, huko New Mexico. Wengi walifia njiani, na wengine wengi wakafia kambini, ambako maji yalikuwa ya chumvi na mazao yaliliwa na wadudu. Walikaa pale hadi mkataba wa Juni 1, 1868, uliowaruhusu kurudi kwao. Ndani ya mkataba ule serikali iliahidi kuwapa kondoo na mbuzi 15,000 waanzie maisha. Walirudi na kitu kingine pia: kambini walikuwa wakilishwa mgao wa unga wa ngano, kahawa na sukari, vitu visivyopatikana ardhini kwao. Walishavizoea, na sasa ilibidi mtu avilete na wao wawe na cha kumpa. Cha kumpa kilikuwa sufu, ngozi, na kile ambacho wanawake waliweza kukifuma kwa sufu hiyo.

Mtu huyo, pale Ganado, alikuwa John Lorenzo Hubbell. Alilinunua duka mwaka 1878, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mama yake alitoka ukoo wa Kihispania wa New Mexico, baba yake alikuwa Mmarekani aliyetokea mashariki ya nchi, na yeye mwenyewe aliongea Kihispania, Kiingereza na Kinavajo. Wanavajo walimbandika jina kutokana na miwani yake, jambo ambalo watu wa pwani wenye kina Mzee Miwani kila mtaa hatuwezi kulishangaa. Inasimuliwa kwamba ndui ilipoingia mwaka 1886 aliigeuza nyumba yake kuwa hospitali na kuwauguza watu kwa mikono yake, kwa kuwa yeye alishawahi kuugua ugonjwa huo. Alifariki mwaka 1930. Amezikwa juu ya kilima kinacholitazama duka, pamoja na mkewe na rafiki yake wa Kinavajo, Many Horses. Familia iliendelea na biashara hadi mwaka 1967, ilipoiuzia serikali. Leo ni eneo la hifadhi ya kihistoria, lakini duka halijafungwa. Unaingia, unanunua soda na unga, na kama una uwezo unanunua zulia.

Ukisukuma mlango unaingia kwenye ukumbi ambao wenyeji wa biashara ile waliufananisha na zizi la fahali. Kaunta za mbao zimekuzunguka pande tatu, na wewe mnunuzi unabaki katikati. Sakafu ni mbao nene zilizoliwa na buti za watu kwa zaidi ya karne. Zimepinda, zina mabonde, zinalia kila unapohamisha mguu. Kwenye rafu nyuma ya kaunta kuna mikebe ya matunda, kahawa, kamba, mafuta ya taa, na mifuko ya unga wa Blue Bird ambao Wanavajo wanaupenda kwa mkate wao wa kukaanga. Juu, kwenye boriti, zimening'inizwa taa, ndoo, hatamu na matandiko ya farasi.

Mimi niliziangalia kaunta. Ni ndefu kwenda juu na ni pana kuliko mahitaji ya kuweka bidhaa. Binti yangu alisimama mbele yake, ubao ukamfika kifuani, akanyoosha mkono kujaribu kugusa rafu ya nyuma. Haukufika hata nusu. Kaunta hizo zilijengwa hivyo kwa makusudi, ili mwenye duka awe salama na bidhaa zisifikike. Nilijaribu kumwona mama aliyesafiri siku nzima na mkokoteni, amekumbatia blanketi alilolifuma kwa miezi, anamkabidhi mtu aliye upande wa pili. Mtu huyo anapima, anakunjua, anataja bei. Mama hana pa kwenda kwingine kabla giza halijaingia. Bei anayopewa mara nyingi hata haikuwa pesa. Ilikuwa mkopo ulioandikwa daftarini, au sarafu za bati zilizotengenezwa na mwenye duka mwenyewe, ambazo zilinunua vitu katika duka lile tu.

Historia ya namna hii haiko mbali na yetu. Karne hiyohiyo, meli za Salem, bandari ya Marekani, zilikuwa zikishusha Zanzibar merikani, kile kitambaa cheupe kutoka viwanda vya Massachusetts, na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Bara kukajaa maduka yenye daftari la madeni, mwenye duka akiwa ndiye benki, ndiye posta na ndiye hakimu wa bei. Nilipokuwa mdogo bado lilikuwapo duka la aina hiyo kijijini kwetu. Bibi yangu alikuwa akipeleka pale ukili, ule utepe mrefu uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka. Mwenye duka alikuwa akiupima kwa pima, mikono imenyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na alilipa kwa idadi ya pima.

Basi nilipofika kwenye chumba cha mazulia na mhudumu akatueleza kwamba miaka ya mwanzo wafanyabiashara walinunua mablanketi kwa uzito, nilijua kinachofuata kabla hajakisema. Ukimlipa mtu kwa ratili, atakufumia ratili. Sufu ikawa haioshwi vizuri, mafuta ya kondoo na mchanga vikabaki ndani, nyuzi zikawa nene, blanketi likapiga mizani lakini halikai vizuri hata sakafuni. Kumlaumu mfumaji hapo ni kumwonea. Mnunuzi ndiye aliyesema anataka uzito, na watoto wa mfumaji walikuwa wanasubiri unga. Kwetu ni vilevile: walanguzi wakilipa kwa pima, ukili unasukwa kwa majani mapana ili ufike upesi, halafu watu wa mjini wanalalamika kwamba mikeka ya siku hizi haidumu.

Hubbell alikwenda njia nyingine, na hapa nampa haki yake. Reli ilikuwa imefika Gallup mwaka 1881, ikileta watalii na ikileta pia mablanketi ya viwandani ya bei nafuu, kiasi kwamba Wanavajo wenyewe wakaanza kuvaa ya kununua. Kuna aliyefikiri ufumaji utakufa. Hubbell na wenzake wachache waliona kwamba blanketi la kujitanda linaweza kuwa zulia la sakafuni kwa watu wa mashariki ya Marekani, lakini lazima liwe kazi safi. Aliwakataza wafumaji kutumia pamba kwa nyuzi za mtande, zile za wima zinazobeba kazi yote. Alipinga rangi za kiwandani zilizokuwa zikichanganywa ovyo, isipokuwa chache, na nyekundu ilikuwa mojawapo. Mwaka 1902 alitoa katalogi yenye bei, akawa anasafirisha kwa reli, na kampuni ya Fred Harvey iliyokuwa na hoteli kwenye njia ya reli ikawa mteja wake mkubwa.

Ukutani pale bado zimetundikwa picha ndogondogo za rangi ya mafuta, kila moja ikiwa na mchoro wa blanketi moja. Zilichorwa na wasanii waliokuwa wageni wake, akiwamo E. A. Burbank. Mfumaji alikuwa akija, mwenye duka anamwonyesha: nataka la namna hii. Kutokana na maagizo hayo ikazaliwa sura inayojulikana leo kwa jina la Ganado, uwanja mwekundu mzito wenye almasi na misalaba ya kijivu, nyeusi na nyeupe, na ukingo mweusi. Kila duka likawa na sura yake. Two Grey Hills, upande wa New Mexico, ni rangi za kondoo wenyewe tu, kahawia, kijivu na nyeupe, bila nyekundu hata chembe. Wide Ruins ni milia myororo iliyotiwa rangi za mimea. Klagetoh, kijiji tulichokipita njiani, ni mwekundu na kijivu vilevile lakini kijivu ndicho kinachotawala.

Nilizisimamia picha zile kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kwa upande mmoja, mtu huyu alilipia ubora na ubora ukaja. Kwa upande mwingine, ni yeye aliyekuwa akichagua kipi ni cha Kinavajo cha kweli na kipi si cha kweli, kwa kuangalia kitakachopendeza sebuleni New York. Mimi nami ninayo simu yangu yenye picha. Nawatumia kina mama wa Mkinga: wateja wanataka rangi ya udongo, wanataka duara, hawataki zambarau. Nilipomwona Hubbell na picha zake nilijiona nimesimama upande wake wa kaunta, na nikataka kusikia neno la mtu wa upande wa pili.

Nilimpata kwenye jengo la wageni. Ni bibi wa makamo ya juu, sketi ndefu ya mahameli, bangili mbili za fedha zenye feruzi. Alikuwa ameketi mbele ya kitanda cha mfumi kilichosimama wima. Nilimwamkia nikamwomba ruhusa ya kuketi. Hakuniuliza jina. Aliniuliza mimi ni wa nani, ukoo wa mama yangu ni upi na wa baba yangu ni upi, kwa kuwa Wanavajo hujitambulisha hivyo, ukoo wa mama kwanza. Nilimweleza kwamba mimi ni Mdigo, na kwamba Wadigo wa zamani nao walihesabu ukoo na kurithishana kwa upande wa mama. Akaacha kufuma, akanigeukia.

"Basi wewe unajua kondoo ni wa nani," akasema.

Kondoo ni wa mwanamke. Zulia ni la mwanamke. Pesa ya zulia ni ya mwanamke. Alisema hivyo akimtazama binti yangu. Kisha akatuonyesha kazi yenyewe.

Sufu hunyolewa majira ya kuchipua. Huoshwa kwa povu la mizizi ya yuka, huchanwa kwa brashi mbili za waya mpaka ilainike, halafu husokotwa kwa kijiti kirefu chenye kisahani cha mbao upande wa chini. Hakuna gurudumu. Anakiviringisha kijiti juu ya paja kwa mkono mmoja, mkono wa pili unavuta sufu, uzi unatoka. Uzi mmoja unapitishwa hivyo zaidi ya mara moja mpaka uwe mwembamba anavyotaka. Mtande ni uzi mmoja mrefu usiokatwa, unaozungushwa juu na chini. Kwa sababu hiyo zulia la Kinavajo, isipokuwa aina chache, halina matamvua: kingo zake zote nne zimefungwa tangu mwanzo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia ukitaka kuepuka la kuigiza. La pili ni mistari midogo ya mshazari unayoiona ukilishika zulia kwenye mwanga. Mfumaji hufuma sehemu moja akiwa ameketi mahali pake, kisha anahamia ya jirani, na pale zinapokutana hubaki alama. Mashine haina sababu ya kuacha alama hiyo.

Alikuwa na ubao mwembamba wa kutenganisha nyuzi na kitana kizito cha mti. Anaingiza uzi wa mshindio, ule wa kupita upande kwa upande, kwa vidole, anaushusha, anaugonga kwa kitana. Sauti yake ni ya chini na ina mwendo sawa, na ukikaa nayo kidogo unajikuta unapumua nayo. Alimpa binti yangu kitana. Binti akagonga kwa nguvu zote za shule ya upili.

"Acha uzito wa kitana ufanye kazi," bibi akamwambia. "Ukigonga kwa hasira, zulia litakunja uso."

Nilimuuliza mchoro ameuweka wapi. Hakuna karatasi, hakuna alama kwenye mtande. Akagusa paji la uso. Anaanza chini na kupanda juu, na nusu ya juu lazima ilingane na ya chini. Sehemu ngumu kuliko zote ni ya mwisho kabisa, upana wa vidole vichache, kwa sababu nyuzi zimekaza na ubao hauingii tena. Anabadili, anatumia kijiti chembamba, kisha sindano. Sehemu hiyo, alisema, mnunuzi huwa haioni, na yeye humchukua muda sawa na shubiri nzima ya katikati.

Binti yangu akamuuliza kuhusu Mwanamke Buibui, ambaye Wanavajo wanasema ndiye aliyewafundisha kufuma. Alitwambia anaishi juu ya Spider Rock, nguzo ya jiwe iliyosimama ndani ya Canyon de Chelly, mwendo mfupi kaskazini ya pale, na kwamba kitanda cha mfumi cha kwanza kilifungwa kwa kamba za mbingu na ardhi, vijiti vyake vikiwa miali ya jua na radi. Akaishia hapo. "Nyingine ni za wakati wa baridi," akasema. Hadithi hizo hazisimuliwi kiangazi. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tukiambiwa hadithi ni za usiku, na kwamba mwenye kuzisimulia mchana anajitafutia balaa, tulimwelewa bila maelezo.

Kisha nikamuuliza lile lililonipeleka. Je, anafuma anachotaka yeye au anachotaka mnunuzi? Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema bibi yake alifuma wekundu wa Ganado kwa sababu ndio uliolipwa, na mama yake vilevile, na sasa yeye anaufuma kwa sababu ni wa bibi yake. Halafu akanionyesha kona ya juu ya zulia lililokamilika lililotundikwa nyuma yake. Uzi mmoja wa kijivu ulitoka kwenye uwanja wa katikati, ukakata ukingo mweusi, ukafika nje. Wafumaji wengi huiacha njia hiyo kwenye zulia lenye ukingo, ili fikra zao zisibaki zimefungiwa humo na waweze kufuma lingine. "Hii hakuna aliyeniagiza," akasema. "Walijaribu kuwaambia kina bibi waitoe, kwa kuwa mteja anaona ni kasoro. Hawakuitoa."

Hilo ndilo nililoondoka nalo Ganado, na nalishika kwa uzito kuliko yote niliyoyaona. Mnunuzi anaweza kuchagua rangi na ukubwa, na uchaguzi wake ukadumu vizazi. Lakini ipo sehemu ya kazi ambayo mwenye kazi anaiweka kwa sababu zake, na mfanyabiashara mwenye busara anaiacha ilivyo na kumweleza mteja, hata ikimgharimu mauzo.

Sonara naye anastahili neno. Wanavajo walijifunza kufua fedha kwa Wamexico katikati ya karne ya 19, na anayetajwa kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani. Walikuwa wakiyeyusha dola na peso. Kwenye kabati la kioo palikuwa na mkufu wa shanga za fedha wenye kidani cha hilali kinachoning'inia chini, ncha zake zikielekeana. Nilishtuka kukiona. Umbo lile lilikuwa pambo la hatamu za farasi wa Waislamu wa Andalusia. Wahispania wakalichukua, wakavuka nalo bahari hadi Mexico, Wanavajo wakalitoa kwenye paji la farasi wakalitundika shingoni. Kwao halina habari ya dini yetu na sitaki kuwabebesha. Hata hivyo, nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali stendi ya basi.

Vidani kama hivyo ndivyo vilivyokuwa akiba ya nyumba. Familia ikikwama kabla ya msimu wa sufu, mkufu unawekwa rehani dukani ukiwa na kikaratasi chenye jina, na unakombolewa kondoo wakinyolewa. Wafanyabiashara waungwana waliwaazima wenyewe vito vyao kwa sherehe, kisha vikarudi kabatini. Wasio waungwana walikuwepo pia, na wengi. Mwaka 1973 tume ya serikali inayosimamia biashara ilitoa ripoti juu ya maduka ya nchi ya Wanavajo, ikaeleza rehani zilizouzwa kabla ya wakati, riba zilizofichwa na watu waliofungwa na deni wasiweze kununua kwingine. Mtu anayewasifu wafanyabiashara wale kwa jumla aisome historia hiyo kwanza.

Na kondoo wenyewe, wale churro waliokuja na Wahispania, wenye sufu ndefu isiyo na mafuta mengi, walikaribia kwisha. Miaka ya 1930 serikali iliamua mifugo imezidi malisho, ikawapunguza kwa nguvu. Wengi walipigwa risasi mbele ya wenyewe. Mwaka 1977 mtaalamu wa mifugo, Lyle McNeal, alianza kuwakusanya waliobaki na kuwazalisha upya. Wachache wako pale nyuma ya duka, kwenye zizi, na madume mengine yana pembe nne.

Zulia tuliloliona la kufaa mlangoni lilikuwa la dola elfu kadhaa. Binti yangu alinong'ona, "Mama, mbona ghali?" Nikamwambia ahesabu: kunyoa, kuosha, kuchana, kusokota, kutia rangi, kufuma. Alihesabu kimya kimya akiwa amelishika pindo lake, na hakuuliza tena. Tulinunua kipande kidogo cha kutundika, chenye kikaratasi kilichoandikwa jina la mfumaji, ukoo wake na mahali anapoishi. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayomwadhibu anayeuza kitu kwa kudai ni kazi ya watu wa asili ilhali si yao. Faini inaweza kufika dola 250,000 na kifungo miaka mitano. Imebidi iwepo, maana kuna vito vinavyotengenezwa Ufilipino na kuuzwa hapa kwa jina la Wanavajo. Shuka za Kimasai zilizofumwa China hazina anayezikamata.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama mkubwa, dada yake mama yangu, anayewaongoza wasukaji wetu Mkinga. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu nilimwambia nataka kubadilisha malipo. Kuanzia mzigo ujao silipi kwa pima wala kwa ukubwa. Kila msukaji ataje bei ya mkeka wake mwenyewe kabla haujaondoka kijijini, nami nikiona siwezi kuuza kwa bei hiyo nitasema wazi na mkeka utabaki kwake. Kila mkeka uje na jina.

"Mwanangu," akanijibu, "jina ni jema, lakini ukindu na rangi tunanunua sisi. Mtu asuke wiki tatu kwa pesa yake halafu asubiri meli na soko lako?"

Tukakubaliana natuma nusu mbele, na nusu hiyo haikatwi mkeka usipouzika. Faida yangu imepungua, na bei mezani imepanda. Kuna wateja wamenikimbia na kuna waliokuja kwa sababu ya vikaratasi. Shangazi mmoja katika kundi anaweka kila mara mstari mmoja wa zambarau karibu na pindo, ile rangi niliyokuwa nikiwakataza. Sasa nimeacha kumkataza, na wateja wakiuliza nawaambia ni wake. Juzi aliniandikia kwamba mzigo unaokuja ana mikeka miwili, bei yake imezidi ya mwaka jana karibu mara mbili, na kwamba mmoja tayari umeshanunuliwa hukohuko Tanga, kwa hiyo nitapata mmoja.